Ukinunua Moto, Nunua na Dirisha

Ukinunua moto, nunua na dirisha. Jana mlimsikia fundi pikipiki akimwambia Hoza maneno hayo, mkacheka, mkadhani mzee wa watu amechanganyikiwa. Moto unanunuliwa wapi, na dirisha linauzwa kwa kilo? Kaeni basi niwaambie. Methali haidondoki na mvua. Kila moja ina siku yake ya kuzaliwa, na hii ilizaliwa hapa hapa Tanga, mtaani kwetu Mkwajuni, kwa sababu ya laptopu.

Alikuwapo binti mmoja, jina lake Chausiku, aliyelelewa na shangazi yake, Bi Mwanjaa. Chausiku alikuwa bingwa wa mpira, lakini si huu wa kiwanjani. Wake ulikuwa mpira wa gemu, unaochezwa kwa vidole mbele ya kioo. Alijifunzia kwenye banda la michezo karibu na mashine ya kusaga, akawafunga vijana wa mtaa mmoja baada ya mwingine hadi wakaanza kumkimbia. Kisha likatangazwa shindano la mikoa. Kila mchezaji aje na mashine yake mwenyewe, yaani laptopu, na mshindi atakwenda Kigali kuiwakilisha nchi.

"Mwanangu, hili ndilo la mwisho," Bi Mwanjaa alimwambia. "Ukishinda, cheza mpaka vidole viote sugu, sitakuuliza. Ukishindwa, unakwenda Handeni kwa baba yako mdogo kuuza misumari."

Chausiku alikubali. Hakuwa na ugomvi na misumari, lakini moyo wake wote ulikuwa Kigali.

Mashine sasa. Hakuwa nayo, wala shangazi yake hakuwa na uwezo wa kuinunua peke yake. Mtaa ukakaa kikao. Nanyi mnawajua watu wa Mkwajuni: wakikaa kikao wanajua njia moja tu, nayo ni kamati ya harusi. Mwenyekiti akawa Mzee Kivugo, mtu ambaye hakuna ndoa iliyofungwa mtaani bila yeye kushika kipaza sauti. Na kama ilivyo kwenye harusi, hakuna aliyetaka mchango wake upotee ndani ya kapu. Kila kundi lilitaka kitu chake kinachoonekana, kitangazwe kwa jina, kama anavyotangazwa aliyetoa kitanda au kabati la bibi harusi.

Wakaenda wote kwa Fundi Mhina, aliyekuwa akiunda laptopu kwa oda. Pale unachagua kiungo kimoja kimoja, naye anavipachika ndani ya kasha unalolitaka. Wauza samaki wakachukua prosesa, yaani ubongo wa mashine, tena ile kali kuliko zote. Watu wa bodaboda wakachukua kadi ya picha, ile inayouchora mchezo, nao wakataka kubwa, maana mtu wa bodaboda hapendi kupitwa. Bi Mwanjaa akachagua kioo kinachoonyesha hata jasho kwenye paji la uso la mchezaji. Mzee Kivugo akachagua kibodi yenye taa za rangi zote za upinde wa mvua.

Fundi Mhina akakuna kichwa. "Wazee wangu, mmechagua vitu vizuri, siwapingi. Lakini ubongo huo na kadi hiyo vikifanya kazi pamoja vinatoa joto, si mchezo. Ninalo kasha nene hapa, lina feni mbili kubwa na matundu mapana. Sura yake kama tofali, lakini linapumua. Acheni taa, chukueni hili."

Mzee Kivugo alicheka mpaka kofia ikataka kumdondoka. "Fundi, hivi wewe umewahi kuhudhuria sherehe? Nani atasimama mbele ya watu atangazwe kwamba amechangia feni?"

Duka zima likacheka. Chausiku hakucheka. Kule bandani alikuwa amezoea mashine zinazochemka, akajua fundi anasema kweli.

"Babu, mimi naona fundi ana..."

"Bibi harusi hasemi kwenye kikao!" Mzee Kivugo akamkata kauli, tena kwa upendo kabisa. Wakachukua kasha jembamba, linang'aa kama sinia jipya, lenye kifeni kidogo cha kuridhisha roho.

Mtauliza, je, nyumbani hawakuliona tatizo? Wangelionaje? Bibi harusi wetu hakupata nafasi ya kumaliza mchezo hata mmoja. Kila alipoanza, mtu alibisha hodi amekuja kuona mchango wake, na mashine ikazimwa ili igeuzwe huku na huku.

Siku ya shindano ilikuwa ya Februari, na joto la Tanga la Februari halihitaji maelezo. Kamati iliingia ukumbini na sare za kitenge, vigelegele mbele, kitambaa kikubwa nyuma. Juu ya kitambaa yaliandikwa majina ya wachangiaji wote, la Mzee Kivugo likiwa la kwanza. Wakakitundika ukutani nyuma ya meza ya Chausiku, kila mtu akisome.

Mechi za mwanzo alishinda, maana zilikuwa fupi na mashine ilipata kupumzika katikati. Fainali ndiyo ilikuwa ndefu, dhidi ya kijana wa Moshi aliyekuja na laptopu nene, nyeusi, isiyo na taa hata moja. Kabla ya dakika nyingi kupita, wachezaji wa Chausiku wakaanza kukimbia kama watu waliovaa viatu vya kuazima. Anabonyeza apige, mguu unanyanyuka mpira umeshapita. Mashine ikizidiwa na joto hujipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua, na ile ilikuwa imezidiwa. Bao la kwanza likaingia, kisha la pili. Kipenga cha mapumziko kilipolia, Chausiku aliigusa kibodi na kuuondoa mkono haraka, kana kwamba ameshika pasi. Machozi yalikuwa karibu. Aliiona Handeni waziwazi.

Mzee Kivugo alikuja mbio, akainama sikioni mwake. "Mwanangu, kuna mtu ametufanyia jambo?"

"Hakuna aliyetufanyia, babu," Chausiku alisema, na safari hii hakujali kikao. "Mmeninunulia moto, hamkuninunulia dirisha."

"Dirisha? Dirisha gani?"

"Hata hili la bure, mmelifunika kwa majina yenu."

Wote wakageuka. Nyuma ya kitambaa palikuwa na madirisha mawili, makubwa, yamezibwa kabisa.

"Naomba kishushwe," Chausiku akasema. "Na mniwie radhi, naanza kuzima vitu vyenu."

Akazima taa za kibodi. Akapunguza uzuri wa picha: majani ya uwanja yakawa kijani kitupu, watazamaji jukwaani wakatoweka, nyuso za wachezaji zikabaki laini kama yai.

"Jasho langu!" Bi Mwanjaa akapiga kelele. Watu wa bodaboda walishika vichwa.

Mzee Kivugo alilitazama jina lake pale juu. Akamtazama Chausiku, akaona lile chozi ambalo binti alikuwa akilizuia. Hapo aibu ikamshika kwelikweli. Akapanda juu ya kiti, akakishusha kitambaa kwa mikono yake, akafungua madirisha. Upepo ukaingia, lakini haukutosha. Basi mzee akashika ncha moja ya kitambaa, mwenyekiti wa bodaboda akashika nyingine, wakaanza kuipepea meza kwa nguvu, majina ya mtaa mzima yakipanda na kushuka. Mwamuzi alitafuta kanuni inayokataza kupepea, akaikosa, akabaki kucheka. Waliokataa kuchangia feni wakawa feni wenyewe.

Kipindi cha pili mchezo ulikuwa mbaya kutazama, lakini ulikwenda. Mguu ukaagizwa, mguu ukapiga. Bao moja likarudi, likarudi la pili, na karibu na mwisho Chausiku akafunga la tatu. Bi Mwanjaa alimkumbatia mbele ya watu akilia kwa sauti. "Handeni wakauze misumari yao wenyewe!" akasema.

Kesho yake kamati nzima ilikuwa kwa Fundi Mhina kununua kasha nene. Wakagombana nani alilipie, na Mzee Kivugo akawashinda wote. Siku ya kumsindikiza Chausiku kwenda Kigali alishika kipaza sauti, akasafisha koo, akatangaza kwa fahari: "Mimi, Kivugo, nimechangia feni!" Hakuna mchango uliowahi kupigiwa vigelegele kama ule.

Sasa wewe Hoza, uliyefunga injini kubwa kwenye pikipiki ukaacha breki zile zile za zamani, usimcheke tena fundi wako. Rudi kwake leo hii, umwambie umeelewa. Ukinunua moto, nunua na dirisha.