Adabu ya Chamwingo

Zamani walikuwapo Bi Asteria Kunambi, mkaguzi wa serikali. Bwana Hilali Mloka, mwenye kandarasi ya kupeleka mahabusu mahakamani. Na Chamwingo, mahabusu aliyekwisha kuzimia mara mbili ndani ya gari la Mloka lisilo na dirisha nyuma.

"Huko nyuma kukoje?" Bi Asteria alimuuliza Chamwingo.

Mloka alimkazia Chamwingo macho.

"Ubaridi mtupu, mama," alijibu Chamwingo.

"Umesikia mwenyewe!" Mloka alicheka.

"Ila naona haya," aliendelea Chamwingo. " Kijana nistarehe kwenye ubaridi, mzee wangu aungue jua mbele? Mzee, tubadilishane."



"Kijana ana adabu," alisema Bi Asteria, akamfungulia Mloka mlango wa nyuma.

Mahakamani Mloka alishuka ameloa jasho chapachapa, na kesho yake gari lilitobolewa madirisha.

Chamwingo alifariki mwaka jana, kwao Kilosa, kwa uzee.