Bwana Aliyechunga Macho Kordoba

Waumini, mmewahi kumwona mtu mwenye adabu mpaka adabu yenyewe inampoteza? Basi nisikilizeni.

Bwana mmoja wa Lamu alisafiri na mkewe hadi Kordoba, mji wa kale kule Uhispania. Wakapanga chumba ghorofani. Asubuhi ya pili mke akabanwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta imekwisha. Bwana akatoka mbio, akaipata dukani. Kurudi sasa, ikawa kazi! Vichochoro vyembamba, kuta nyeupe, kila mlango na vyungu vyake vya maua. "Mimi nimezaliwa vichochoroni, nitapoteaje?" akajiambia. Akapotea.

Na kwao alilelewa hivi: mwanamume hapandishi macho kwenye madirisha ya watu. Basi akaenda kichwa chini, dawa mkononi, jasho linamtiririka. Akakata kulia, akatokea alikotoka. Akakata kushoto, palepale. Alichanganyikiwa hata akawa hajui kama anakwenda au anarudi. Moyo wote uko kwa mkewe: je, bado anapumua?

Ajuza mmoja aliyekuwa akimwagilia maua akamwonyesha juu kwa kidole. Bwana akadhani anakumbushwa Mungu. "Ndiyo, bibi, tunamtegemea Yeye," akajibu kwa Kiswahili chake, huyo akaendelea. Alipozuka tena mara ya tatu, ajuza alichoka naye. Akamshika kidevu, akakiinua.

Juu dirishani mkewe alikuwa akipunga kanga. Sauti ya kuita hana.

Bwana alipanda ngazi mbili mbili. Mke akavuta dawa, akakaa kitako kwa muda, ndipo akauliza, "Umepita hapa chini mara tatu, mume wangu. Hata kutazama?"

"Nilikuwa nachunga adabu, mke wangu."

"Adabu ya nani, na anayekufa ni mimi?"

Ndugu zangu, kuinamisha macho ni amri, na mimi siifuti. Lakini ni nani aliyetuambia tuyainamishe hata kwa walio wetu? Mtaani tunasifiwa kwa heshima zetu, na mama mzazi anaumwa hatuna habari. Mke ananyamaza mwezi mzima, nasi tunajisifu kwa wenzetu kwamba siku hizi nyumbani kumetulia. Kumetulia wapi? Ameishiwa pumzi ya kutuita.