Viatu Ndani ya Lifti

Mwenye miguu hakosi ngazi.

Mmemsikia Bi Stumai akimwambia hivyo mwenzenu aliyekalia nafasi yake ya dirishani, na mmecheka, kwa sababu karakana hii haina ngazi hata moja. Bi Stumai macho yake yamechoka. Bila mwanga wa dirisha hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Mwenzenu anaona hata akikaa uvunguni. Basi mnauliza ngazi zimeingiaje hapo, na swali ni la haki. Wekeni nyundo chini. Methali hii haikutoka kwa mababu. Ilitoka kwa fundi viatu mmoja wa Nzega, na chanzo chake ni hiki.

Fundi huyo aliitwa Nyamizi. Miguu yake ilipooza tangu utotoni, na alitembelea kiti cha magurudumu. Msimwonee huruma, maana mwenyewe alikuwa haitaki. Kwa miaka ishirini alishona viatu vya watu wanaotembea, akavitazama vikienda vipya na vikirudi vimechoka, hadi akaweza kumjua mtu kwa soli yake kabla hajamtazama usoni. Fundi yeyote aliyekomaa anasoma soli. Nyinyi pia mtasoma, mkiacha kutazama simu.

Mwaka ule Umoja wa Mafundi Viatu ulifanya kongamano la siku tatu mjini Dodoma, katika jengo la ghorofa nane. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya saba. Mafundi arobaini wa Nzega walimtuma Nyamizi awasemee, kwa kuwa hawakuwa na mwingine mwenye ulimi kama wake. Kanuni ya umoja ilikuwa kali: saa tatu kamili asubuhi katibu anaita majina ya matawi, na tawi lisiloitika siku mbili mfululizo linafutiwa kiti chake kwa miaka mitatu. Miaka mitatu bila mtu wa kuwasemea, mafundi arobaini.

Jengo lilikuwa na lifti mbili, moja mbovu. Chai ilitolewa ghorofa ya kwanza, na wajumbe hawakukawia kugundua ujanja. Ukiingia kwenye lifti pale pale penye chai wakati inashuka, unateremka nayo hadi chini, hutoki, kisha unapanda nayo hadi ukumbini. Nafasi umeshaipata. Kwa hiyo kila mlango ulipofunguka chini, alipokuwa Nyamizi, ndani walijaa watu wanaotazama dari.

Siku ya kwanza alifika saa moja na nusu. Lifti ilimpita mara kumi na moja. "Subiri inayofuata, mama," walimwambia kila mara, tena kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomkera kuliko yote. Alipofika juu, katibu alikuwa ameshafunga daftari. Nzega haikuitika.

Siku ya pili hakuomba. Mlango ulipofunguka alisukuma kiti chake mpaka vikanyagio vikavuka kizingiti, akafunga breki, akakunja mikono. Ndani walikuwa watu kumi. Mlango ulijaribu kujifunga, ukagusa gurudumu, ukarudi. Ukajaribu tena, ukarudi.

Aliyekuwa mbele ni Lusekelo, mjumbe wa Mbeya na mwanakamati wa maandalizi, mtu mwenye kifua kipana na viatu vya ngozi ya kahawia.

"Mama, unatuchelewesha," alisema. "Imebaki robo saa. Subiri inayofuata."

"Jana nilisubiri kumi na moja zinazofuata. Leo tusubiri wote."

Lusekelo akatazama saa yake. "Basi tutafute vijana wawili wakubebe ngazini. Ni kazi ya dakika tano."

"Mizigo ya Nzega ilikuja kwa basi na imeshashushwa," Nyamizi alisema. "Mimi ni mjumbe. Nahitaji nafasi ya watu watano. Watano washuke."

"Watano gani? Humu kila mtu ana sababu yake. Mimi hapa mgongo unanisumbua. Utajuaje nani mzima na nani si mzima?"

Lilikuwa swali la kumnyamazisha, na kwa mtu mwingine lingemnyamazisha. Lakini Lusekelo alimuuliza fundi viatu, aliyekaa kwenye kiti, ambaye macho yake yalikuwa karibu na miguu ya watu kuliko macho ya mtu yeyote pale. Nyamizi akainama.

"Kama nyinyi hamsemi, viatu vyenu vitasema," alisema. "Nyanyueni visigino."

Sijui kwa nini walitii. Pengine ni mazoea ya kazi. Ukimwambia fundi anyanyue kiatu, ananyanyua.

Nyamizi alianza na mzee mmoja wa pembeni. "Shikamoo, mzee wangu. Kisigino cha kulia kimeisha chote upande wa nje. Nyonga hiyo, na si ya leo. Baki."

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu taratibu.

"Wewe wa raba, soli imelika sawasawa mbele na nyuma. Shuka. Na wewe. Na jirani yako. Wewe pia, kaka, hata vumbi la mpira uliocheza jana hujalifuta." Kisha akafika kwenye viatu vya kahawia, akavitazama kwa muda mrefu kuliko vingine. "Bwana Lusekelo, kiatu kimelika vizuri mno. Mgongo wako unauma mdomoni tu."

Mtu mmoja nyuma alicheka puani. Lusekelo akawaka. Akamnyooshea kidole mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu, mwenye gauni linalofika chini.

"Na huyu je? Msichana mzima kama huyu, mbona humtoi?"

Nyamizi alikuwa ameshaviona viatu vyake. "Dada huyu anabaki."

"Kwa sababu gani?"

"Haikuhusu."

Lakini lifti ilikuwa imejaa mafundi viatu, na macho ya wote yalishuka chini. Kiatu cha kulia cha yule mwanamke kilikuwa na mikunjo pale vidole vinapokunjwa, kama kiatu cha mtu yeyote. Cha kushoto hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Kilikuwa laini kama kilivyotoka kwenye kalibu ya kuundia viatu. Hakuna fundi asiyejua maana yake: mguu uliokuwa ndani ya kiatu kile ulikuwa wa bandia, na mguu wa bandia haukunji vidole.

"Tangu jana watu wananiambia nishuke," yule mwanamke alisema. "Nimechoka kueleza."

"Humu hutaeleza," Nyamizi alimjibu.

Wanne wakashuka, vichwa chini. Akabaki Lusekelo, ameushika ukuta.

"Na sisi tutafikaje juu?" aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Zimebaki dakika nane."

Nyamizi akafungua breki. "Mwenye miguu hakosi ngazi," alisema.

Watu wote mle ndani wakatazama viatu vya kahawia, wakavitazama mpaka mwenyewe akaviondoa.

Nyamizi alipoingia ukumbini, katibu alikuwa ameshaanza kuita majina ya matawi. Lusekelo alikuwa amekaa safu ya pili, jasho likimtoka, na Mbeya ilikuwa imeshaitika; ngazi zilimfikisha kabla ya lifti, iliyosimamishwa kila ghorofa njiani. Katibu akaita Nachingwea. Akaita Njombe. Akaita Nzega.

"Nipo," Nyamizi alisema, kwa sauti iliyofika mpaka jukwaani.

Katibu akatia alama. "Jana hamkuitika. Niandike mlichelewa?"

"Usiandike hivyo. Jana nilikuwa kwenye mlango wa lifti tangu saa moja na nusu. Andika kwamba nilizuiwa."

Katibu akainua kalamu. "Nani alikuzuia?"

"Ungeuliza nani hakunizuia, orodha ingekuwa fupi. Andika nilizuiwa."

Akaandika. Lusekelo hakuomba radhi, na Nyamizi hakuingoja radhi yake. Alichotaka kungojea asubuhi iliyofuata ni lifti.

Asubuhi hiyo ya tatu, kisa kikiwa kimeshaenea, lifti ilifika chini tupu. Wajumbe walitoka kwenye chai wakashika ngazi, baadhi wakinung'unika, na Nyamizi akaingia, na yule mwanamke wa gauni refu akaingia, na yule mzee. Mlango ulikuwa unajifunga pale kijana mmoja mgeni, mwenye mkoba begani na miguu miwili imara, alipouzuia kwa mkono ili ajipenyeze. Nyamizi alikuwa anafungua kinywa. Hakuhitaji kusema. Neno la mtu mmoja huwa ni neno lake tu. Linakuwa methali siku mtu wa pili anapolichukua, na siku hiyo aliyelichukua ni yule mzee wa nyonga. Alimtazama mgeni viatu, kisha akamtazama usoni.

"Mjukuu wangu," alisema, "mwenye miguu hakosi ngazi."