Alama Iliyomezwa na Herufi

Kaeni vizuri, na mwenye moyo mwepesi amshike jirani yake, maana hadithi hii hunitisha hata mimi ninayeisimulia.

Katika skimu ya mpunga ya Lusanje walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Sekela, fundi cherehani, alikuwa na macho: mshono ukipinda kidogo tu, ameshauona. Lukelo, mlinzi wa lango la bwawa, alikuwa na utii: mpe kanuni leo, mwakani utaikuta vilevile. Na Tusekile, wifi yake Sekela, alikuwa na vidole: ndiye aliyetengeneza ukurasa wa mtandaoni wa skimu, ambao kila mtu aliusoma kwenye simu yake.

Humo ndimo yalimokuwa maelekezo ya lango. Pima kina cha maji kwa futi, toa tatu, kinachobaki ndiyo idadi ya mizunguko ya gurudumu la kufungulia. Kwa kifupi: f − 3. Tusekile aliiandika ile f kwa mlazo, ikiinamia kulia, kama vifanyavyo vitabu vya hesabu. Lakini kwenye simu ndogo mstari ulikuwa ukikatika, f inabaki juu, −3 inaangukia chini. Jambo hilo likamkera. Akafuta nafasi zilizokuwa katikati, vyote vikashikana, akaenda zake kupika.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne simu ya Tusekile ikalia.

“Wifi, hiyo f yako mbona ina mkono mrefu hivyo?” Sekela aliuliza. “Jana niliiona nikadhani ni pambo. Leo nimeikuza, kumbe ni alama ya kutoa imegandana na herufi! Ukisoma haraka unaona f tatu.”

Tusekile akapiga hesabu haraka. F tatu, yaani f mara tatu. Bwawa lilikuwa na futi saba. Saba toa tatu ni mizunguko minne. Saba mara tatu ni ishirini na moja, na bondeni, chini ya lango, watu hamsini walikuwa wakipandikiza mpunga. Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwao, na masikio yake ni mazito.

Akampigia Lukelo. Simu iliita tu. Akapiga tena, huku akijua fika kwamba Lukelo akiwa langoni hapokei simu, ndivyo kanuni isemavyo. Kwenda huko kwa miguu ni saa nzima. Bondeni hakuna anayeingia kwenye tope na simu.

Kilichobaki ni ukurasa. Aliwasha kompyuta, akakosea nywila mara mbili. “Mama yangu, mama yangu,” alikuwa akisema peke yake. Akirudisha nafasi za kawaida, mstari utakatika tena na Lukelo ataona f pekee. Akatia nafasi nyembamba zisizokatisha mstari, moja kila upande wa alama. F ikasimama kwake, alama ikaonekana, yote katika mstari mmoja. Akahifadhi. Kisha akabaki ameshika kichwa, hana tena la kufanya, anasikiliza kama mto utanguruma.

Kule langoni, Lukelo alikuwa amesoma ishirini na moja. Kwa miaka sita hajawahi kuvuka mizunguko kumi, lakini aliagizwa afuate ukurasa, na kanuni ni kanuni, akaanza kuzungusha. Ila lango lilikuwa na kanuni nyingine: kila mizunguko mitano, simama, fungua ukurasa upya, usome kwa sauti. Walinzi wengi huiruka hiyo hata siku ya jua. Mvua ilimpiga, mikono ilikufa ganzi, maji yalianza kupiga kelele chini ya miguu yake. Mzunguko wa tano ulipotimia, Lukelo alisimama, akafuta simu kwa shati, akasoma: “F toa tatu.”

Akaileta simu karibu na macho. Akasoma tena. Kisha akalirudisha gurudumu mzunguko mmoja, peke yake, kazi ya wanaume wawili bwawa likiwa limejaa.

Bondeni maji yalifika magotini, yakatulia.

Kamati ya skimu ikatoa zawadi: shamba moja mwanzoni mwa mfereji, mahali ambapo maji hayakosekani. “Achukue aliyewaokoa watu wetu,” alisema mwenyekiti. “Ni nani?”

“Nisingeona mimi,” alisema Sekela, “wifi angerekebisha nini?”

“Nisingesimama mimi,” alisema Lukelo, “angemrekebishia nani?”

Watu wote wakamgeukia Tusekile. Hofu ya asubuhi ile ilimrudia yote. Hakuna aliyejua nani alizifuta zile nafasi, na angeweza kunyamaza. Alimtazama mama yake, aliyeketi mbele ameweka kiganja nyuma ya sikio.

“Nisingerekebisha, wangezama,” alisema kwa sauti ndogo. “Lakini aliyezifuta nafasi ni mimi.”



“Kasema nini mwanangu?” mama aliuliza. Hakuna aliyemjibu.

Haya, ninyi mnaonisikiliza. Sekela aliona, lakini jana yake aliona pia akanyamaza. Lukelo alisimama, lakini alianza kuzungusha kwa hesabu ambayo miaka yake sita ilimkatalia. Tusekile aliponya kidonda alichokitia mwenyewe, akakiri. Shamba ni moja na haligawanyiki. Mngempa nani? Na yule mama anayesubiri jibu, mngemwambia nini?