Ua Lililobaki Moja Mwambani

Sogeeni niwape kesi, na nikimaliza sitaki kusikia mtu akisema "inategemea".

Huko Ukinga, kwenye baridi, watu watatu waliishi boma moja. Tweve, mchunga kondoo, alijaliwa macho. Dada yake Zelida, asiyeona, alijaliwa vidole. Oresta, mke wa Tweve, alijaliwa mikono myepesi. Shambani, kwa kuchuma maua ya pareto, yale ya kutengenezea dawa ya wadudu, hakuna aliyemfikia.

Akaja mtaalamu wa mimea, anatafuta maua ya mwitu ambayo hayajaandikwa popote. Atakayempa jipya, ua litaitwa kwa jina lake. Jina moja tu, naye anaondoka kesho asubuhi.

Tweve ndiye aliyeliona mwambani, shina moja tu lenye maua machache: jicho la njano, petali nyeupe pembeni, linajifumba wingu likipita. Akachuma ua moja na jani, akampelekea.

"Pareto hii," mtaalamu akasema. "Imetoroka shambani."

Zelida akaomba ashike. "Mwanangu, jani la pareto limechanikachanika. Hili ni zima, na chini lina sufu kama mwana-kondoo. Hivi viua vidogo vilivyobanana kwenye jicho navyo vimetuna. Umesoma mpaka umesahau kupapasa?"

Mtaalamu akapapasa, akaona haya. "Kweli ni jipya. Lakini bila mmea mzima, na mzizi wake, siwezi kuliandika."

"Tungoje mbegu zikomae zipeperuke," Tweve akasema. "Mwezi tu."

"Mwezi, na gari lake ni kesho?" Oresta akamjibu.

Alfajiri Oresta akapanda mwambani peke yake. Akazunguka mwamba wote akitafuta shina la pili. Hakuna. Akainama, akanyooka. Akainama tena, akanyooka. Mara ya tatu akaling'oa.

Mtaalamu akalilaza katikati ya magazeti, akafunga kamba. "Haya, jina la nani?"

"La wifi," Zelida akasema. "Bila mzizi aliouleta ungeandika nini?"

Oresta akaficha mikono ndani ya kitenge. Kucha zilikuwa bado na udongo. "Msiniandike. Mlimani halipo tena. Nilijua ni moja, na bado nikalimaliza."

"Na usingelimaliza, nani angejua liliwahi kuwepo?" Zelida akamwuliza.

Tweve hakumtazama mkewe. Alitazama lile gazeti tu. Kalamu ikangoja.

Basi, aliyeliona, aliyelitambua, aliyeling'oa. Wewe ungeandika jina la nani? Na kama ni la Oresta, utakuwa umempa zawadi, au umemfunga na kosa lake maisha yote?