Ua Linalotanguliza Kichwa

Zamani, kabla milima yetu haijapata barabara wala ahadi za barabara, lile ua jekundu la duara, kubwa kama kichwa cha mtoto, halikuwa hivi mlijuavyo. Lilitanguliza majani kama maua mengine yenye adabu. Tunguu lake, lile shina nono la chini lililo kama kitunguu, lilizikwa chini kabisa, na lilichanua mwaka mzima milangoni mwa watu.

Enzi hizo mtu mzima akifa alizikwa uani, na baada ya misimu kadhaa wanawe walimfukua, wakalipeleka fuvu lake msituni, kwenye kivuli cha wazee waliotangulia. Huko ndiko alikopumzika. Pale uani alikuwa anasubiri tu, kama mtu kwenye foleni.

Nakijwa, mke wa Senzia, alikuwa na bustani iliyosifiwa mlima mzima. Mama mkwe wake, Bibi Namsifu, alipozikwa, Nakijwa akapanda matunguu juu ya kaburi, maana udongo wake ulikuwa laini, umeshachimbwa. Smart, si ndiyo? Maua yakatoka makubwa kuliko yote aliyowahi kuotesha. Watu wakaja kutoka mbali kushangaa.

Muda wa kufukua ulipofika, Senzia akaja na jembe. Mkewe akasimama katikati.

"Baba Nambike, ukichimba hapa unaua kila kitu."

"Mama anangoja."

"Mama yako alingoja upate akili mpaka akafa. Msimu mmoja ndio utamchosha?"

Majirani wakacheka. Senzia, ambaye backbone hakujaliwa, akarudisha jembe ndani.

Msimu ukawa misimu. Ndipo Nambike, binti yao mdogo, akaacha kulala. Kila alipolazwa aliinuka akakaa, shingo kainyoosha kama mtu anayevuka mto wenye kina.

"Mama, udongo umenifika hapa," alisema, akigusa kidevu.

"Udongo gani? Uko kitandani."

"Bibi kasema majani yamemshika mikono."

Akakonda. Akitapika uji, ulitoka na mchanga.

Nakijwa akaenda kaburini akayakata majani yote, hadi la mwisho. Matunguu akayaacha. Mtoto anaisha, yeye bado anawaza show yake! Nambike hakulala.

Mvua ya kwanza iliponyesha, asubuhi yake udongo wa kaburi ukapasuka. Likatoka bua nene, halina jani hata moja, na juu yake kichwa chekundu. Hakikulielekea jua. Kilielekea mlango.

Ndani, Nambike akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kizee.

"Nakijwa. Nitolee udongo shingoni."

Nakijwa akapiga magoti matopeni. Akafukua kwa vidole kulizunguka bua, taratibu, huku akisema, "Niwie radhi mama, niwie radhi," mpaka shingo ya tunguu ikawa wazi. Ndani ya nyumba mtoto akavuta pumzi ndefu, akajilaza, akalala.

Senzia naye akachimba kando ya ua ili alichukue fuvu, walau amtendee mama yake haki. Alikuta mifupa yote, hata ile midogo ya vidole. Kichwa hakikuwepo. Akalitazama ua, ua likamtazama, akafukia shimo.

Na tangu siku hiyo ua lile hutanguliza kichwa, majani yakafuata nyuma. Ndiyo maana kwetu tunguu lake hupandwa shingo ikiwa nje ya udongo, na likishashika mahali halihamishwi. Wataalamu wana jina lao la jambo hili. Fine, walitumie. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha, pita bustani yoyote ya kule uone: kila ua limegeukia nyumba, na mke wa nyumba hiyo, kabla hajaenda kuchota maji, huinama mbele yake akasema shikamoo. Kisha husimama kidogo, kuhakikisha halijaitikia.