Redio Iliyosema Bila Kusikia

Hapo zamani, na nikisema zamani sisemi zile za sungura na fisi, nasema za juzijuzi tu, kabla simu hazijajua njia ya kupanda mlima, palikuwa na kijiji kikiitwa Kironge. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma. Mwishoni nitawauliza swali, na mara ya mwisho mlinijibu upuuzi mtupu.

Kironge kilikuwa juu mlimani, kijiji cha Mzingani kilikuwa chini. Kati yao palikuwa na barabara moja mbovu na redio moja nzuri. Redio hiyo aliiunda fundi mmoja, Mwandoe, kwa mikono yake, haikutoka dukani, mnanisikia? Kasha lake lilikuwa kopo la biskuti. Koili zake za waya alizizungusha kwenye kipande cha bomba la maji. Betri aliitoa kwenye gari lililokufa. Ilipokea na ilirusha, lakini haikubeba sauti ya mtu. Ilibeba mlio tu, mfupi na mrefu, mfupi na mrefu, na mwenye kujua aliunganisha milio ikawa herufi, herufi zikawa maneno. Kule Mzingani walikuwako wenzake wenye wazimu huohuo, wakikutana kila Jumamosi kwenye chumba nyuma ya kinu cha unga, wakilehemu na kubishana.

Sasa, redio hutaka waya mrefu ulioinuliwa juu. Waya wa Mwandoe ulitoka kwenye paa lake, ukapita juu ya ua wa jirani yake Mkawasi, ukafungwa kwenye mti ng'ambo ya pili. Mkawasi alikuwa mjane mwenye mbuzi na mwenye mdomo. Akamwambia, "Mwandoe mwanangu, ondoa waya wako. Utaniitia radi kwa mbuzi wangu." Mwandoe akasema, "Kesho, mama." Akamwambia tena. "Kesho, mama." Akamwambia tena. "Kesho, mama." Basi Jumamosi moja asubuhi Mkawasi akaukata, akachukua kipande kirefu kilichopita kwake, akakifunga barazani, akaanika nguo. Ulikuwa waya mzuri wa kuanikia, nisiwafiche.

Mchana wa Jumamosi hiyohiyo, mvua ikinyesha kama ina kisasi na watu, mke wa Mwachia, mtu wa kijiji hichohicho, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Jina lake Mshai. Uchungu ulikuja na damu, na damu haikutaka kukoma. Barabara ilikwisha kufunikwa na udongo uliomomonyoka. Kumteremsha kwa machela kwenye njia ya mbuzi ni kumuua njiani, kila mwanamke aliyemtazama alisema hivyo. Mkunga wa zahanati ya Mzingani ndiye apande. Na wa kumwita alikuwa Mwandoe na kopo lake.

Mwachia akasimama mlangoni kwake, akasema mbele ya watu: "Atakayemfikishia mke wangu mkunga, huyo ndiye atakayempa mtoto wangu jina. Namwapia Mungu."

Watu wakatazamana. Kule kwao jina la mtoto halitolewi ovyo. Jina la mama yake Mwachia lilikuwa linangoja, na kila mtu alijua. Lakini mtu anayeona mkewe anamponyoka hapimi maneno.

Mwandoe akakimbia nyumbani. Akaunganisha betri, akashika kitufe, akaanza kugonga. Hakutoka nje kutazama waya.

Jamani, waunda redio wana sheria ya kwanza, wanafundishana hata kabla ya kushika pasi ya kulehemu: tazama waya wako kabla hujafungua kinywa. Redio ikirusha bila waya, nguvu inakosa pa kutokea. Inarudi ndani, inamchoma yuleyule aliyeituma. Na anayeituma ni transista moja, haizidi punje ya hindi. Mwandoe hakufika mbali. Akasikia harufu ya kitu kuungua: transista imekwenda.

Akatafuta nyingine. Hakuna. Akamwaga makopo yote ya vyuma sakafuni. Hakuna. Ya namna ile ilikuwa imebaki moja tu, nayo ilikuwa ndani ya redio ileile, upande wa kupokea. Ndiyo iliyoipa redio sikio.

Mwandoe akakaa chini. Mwachia alikuwa amemfuata, analia bila kujificha.

"Unangoja nini?"

"Nikiitoa huku niitie kule, redio itasema lakini haitasikia. Sitajua kama kuna aliyetupata. Nikiiacha hapo, tutawasikia Mzingani wakipiga soga mpaka mkeo afe."

"Basi iseme."

"Mwachia, nitakuwa nagonga gizani."

"Nimekwambia iseme."

Pasi ikaingia kwenye makaa. Mwandoe akaitoa transista sikioni, akaitia kinywani, kwa haraka hata akajiunguza kidole. Safari hii akatoka nje kutazama waya, akaona nusu yake imelala matopeni na nusu nyingine imevaa kanga za Mkawasi.

Mkawasi alikuwa amesimama barazani. Hakungoja kuulizwa. Akauvuta waya, nguo zikamwagika kwenye matope, akasokota ncha kwa ncha, akazikaza kwa meno. Mwandoe akaleta mwanzi wa kuuinulia. Radi ilikuwa inapiga mlima mzima.

"Nipe huo mwanzi," Mkawasi akasema. "Mikono yako inatakiwa ndani."

"Mama, radi."

"Radi naijua. Si ndiyo niliyokuwa nakuambia?"

Akapanda juu ya banda la mbuzi, akasimama, akauinua waya. Mwandoe akaingia ndani, akagonga: Kironge. Mzazi. Damu. Leteni mkunga. Akagonga tena: Kironge. Mzazi. Damu. Leteni mkunga. Redio haikumrudishia hata mkwaruzo. Akagonga tena.

Lakini alisahau neno moja. Alisahau kusema: sisikii. Yeye alijua redio yake imekuwa kiziwi, akafanya kama dunia nzima inajua. Mafundi ndizo zao. Jambo likishakaa kichwani mwake, fundi huona amekwisha kukuambia.

Twendeni Mzingani. Mle chumbani nyuma ya kinu, mlio ulifika, mwembamba, lakini ulifika. Mwenyekiti wao, Mwalimu Kilambo, akauliza kwa kitufe chake: Wewe ni nani? Mlio haukumjibu. Ulianza upya, ukapita juu ya swali lake. Akauliza: Mzazi ni nani? Mlio ukapita juu ya swali hilo nalo.

"Ni yule mhuni," Kilambo akasema. "Mtu wa kweli akiulizwa hujibu."

Naye alikuwa na sababu. Mhuni mmoja aliwahi kujifanya anaita kutoka Kironge, mkunga akapandishwa mlima mzima, akakuta watu wanakula viazi. Aliyempandisha siku ile alikuwa Mghoi, mshona nguo, mwenye sikio kali kuliko wote mle ndani. Kilambo alimwambia mbele ya watu: ukimtoa mkunga bure tena, redio yako utaiacha hapa, na mlango huu hutaukanyaga. Na Mghoi redio yake aliiunda mwenyewe, koili kwa koili. Hakuwa na kingine alichokipenda hivyo.

Mghoi akasikiliza. Kironge. Mzazi. Damu. Leteni mkunga. Moyo ukamwambia ni kweli. Akili ikamwambia, ngoja, labda mwingine atainuka. Akanywa chai yake. Hakuinuka mtu. Akajimiminia kikombe cha pili, akakinywa polepole, mlio ukiendelea. Kironge. Mzazi. Damu.

Mwisho akaweka kikombe chini. "Mwalimu, huyu si mwongo. Mwongo husikiliza, anataka kujua kama tumedanganyika. Huyu hangoji hata pumzi moja baada ya kuita. Huyu hatusikii kabisa."

"Na ukikosea?"

"Redio yangu hiyo hapo mezani."

Akatoka mvuani. Akamtoa mkunga zahanati, akambebea mkoba, wakashika njia ya mbuzi, wanapanda wakiteleza, wanapanda wakitambaa. Huko juu Mwandoe anagonga, kidole kimevimba, hajui kama anaita watu au anaita mawe. Radi ikapiga karibu, Mkawasi akateleza bandani, akaanguka, mkono ukavunjika. Akapanda tena, akashika mwanzi kwa mkono uliobaki. Siongezi chumvi, waliomwona walisimulia.

Jioni mkunga akafika. Akanawa, akaingia, akafunga mlango. Wote wakangoja uani, na hakuna aliyekaa. Mara mtoto akalia. Wa kike. Watu wakapiga vigelegele, Mwachia akapiga magoti kwenye tope. Kisha sauti ya mkunga ikatoka ndani: "Nyamazeni. Yupo mwingine."

Wakanyamaza. Wakangoja. Wa pili hakulia.

Mkunga akatoka akijifuta mikono. Akasema, "Mama atapona. Binti ni mzima. Wa pili alikuwa wa kiume. Ningefika mapema kidogo, naye angelia." Hakumtazama mtu aliposema hivyo. Kila mmoja akajua ametazamwa yeye.

Siku ya kumtoa mtoto nje ikafika. Mwachia hakuimeza ahadi yake. Akawaita Mwandoe, Mkawasi na Mghoi, akasema, "Mmoja wenu ampe binti yangu jina. Semeni."

Mwandoe akasema: "Redio niliiunda mimi. Sikio lake nililitoa mimi. Niliita bila kujua kama naitikiwa, na sikuacha. Bila mimi pasingekuwa na mwito. Jina ni langu."

Mkawasi akasema: "Redio bila waya ni kopo la biskuti. Nilisimama chini ya radi mpaka mkono ukavunjika, mnauona huu hapa. Bila mimi mwito usingetoka uani kwako. Jina ni langu."

Mghoi akasema: "Mliita, na mwito ukafika, lakini walioupata walikaa. Niliinuka mimi, na redio yangu mpaka leo nimenyimwa, eti nilimdharau mwenyekiti. Bila mimi mngekuwa mnagonga hata sasa. Jina ni langu."

Mwandoe akamgeukia Mkawasi. "Waya uliukata nani?"

Mkawasi akasema, "Na ile kesho yako ilifika lini? Macho ya kutazama waya nayo nilikukata mimi?" Akamgeukia Mghoi. "Wewe je? Uliinuka baada ya chai."

Mghoi akainama. Njiani alikuwa amemwambia mkunga ukweli wote, na mkunga yule hakuwa na kifua cha kutunza siri. Akasema taratibu, "Nilichelewa, ndiyo. Lakini Mwandoe angetuambia kwamba hasikii, nisingechelewa."

Hapo Mshai akainua uso. Alikuwa amekaa mkekani, mtoto ananyonya, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu tangu asubuhi.

"Mmemaliza?" akasema. "Mume wangu aligawa jina bila kuniuliza. Sawa, ahadi ni deni, itimizwe. Lakini nawasikia mnagombea mmoja. Mimi nilizaa wawili."

Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Yupo huyu ninayemnyonyesha. Yupo na yule tuliyemlaza nyuma ya nyumba, hana jina, na simwachi bila jina. Ninyi watatu ndio mliomleta mkunga. Ninyi watatu ndio mliomchelewesha. Basi anayetaka kumpa jina huyu, aanze kwa kuniambia ni nani kati yenu atakayekwenda nami kule nyuma kumpa jina yule."

Mwandoe akatazama kidole chake. Mkawasi akafunika mkono wake kwa kanga. Mghoi akageuka kutazama njia ya Mzingani. Mwachia alitaka kusema neno, mkewe akamtazama, akaliacha. Watoto wote wawili wakabaki bila jina.

Sasa nyinyi. Wewe uliyekuwa unacheka pale nyuma, hucheki tena, eh? Msiniambie wagawane, jina si muhogo. Msiniambie kosa ni la mvua, mvua haikati waya wala hainywi chai. Mshai anawangojea mkekani, na mtoto amekwisha kushiba. Je, nani alistahili kumpa jina aliye hai? Na nani alistahili kusimama na mama yake nyuma ya nyumba, amtamkie jina aliyelala?